Makaburi yasiyo na shahidi

*Kunakili maandishi ya makaburi ya vita huonekana kazi ya daftari na subira tu. Kilichotokea Dar es Salaam mwaka 1968 kinaonyesha kwa nini mtu aliyekosa jiwe hufa mara mbili.*

Mwaka 1968 barabara mpya ilihitaji kupita eneo la Ocean Road, Dar es Salaam, na waliokuwa njiani walikuwa wafu. Makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia yalitakiwa kupisha.

Kazi ya kuhamisha kaburi huanza kwa kusoma. Unasoma jiwe, unaandika jina, ndipo unapofukua, unabeba, unazika upya na kusimika jiwe juu ya mwenyewe. Mwenye jina huhama na jina lake.

Kwenye viwanja vya Waafrika hapakuwa na cha kusoma. Walikuwa wamezikwa kwa mafungu: Wakristo mahali pao, Waislamu mahali pao, na wasiokuwa Wakristo wala Waislamu mahali pao. Hakuna kaburi lililotiwa alama yake peke yake. Waliofukuliwa hapo wakazikwa tena katika makaburi matano ya pamoja, kila moja likajengewa ukuta wa kumbukumbu.

Makaburi hayo matano yapo hadi leo, ndani ya Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Hata jina likichongwa ukutani, hakuna anayeweza kusema mwenye jina hilo kalala upande gani.

Watu wa pwani wana neno lao kwa jiwe au ubao unaosimikwa kichwani mwa kaburi. Huuita shahidi. Neno hilo halikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kaburi haliwezi kujisemea, ndiyo maana likawekewa wa kulisemea: hapa yupo mtu, na mtu mwenyewe ni fulani bin fulani. Siku barabara ilipofika Ocean Road, waliokuwa na shahidi walihama mmoja mmoja. Wasiokuwa naye walihama kwa fungu.

> Waliokuwa na shahidi walihama mmoja mmoja. Wasiokuwa naye walihama kwa fungu.

Miaka hii wanaoingia makaburini na simu au daftari kunakili majina wamekuwa wengi: wanafunzi wa historia, wajukuu wanaotafuta babu zao, wapenzi wa mambo ya vita. Ni kazi njema. Ila ina swali ambalo daftari la kawaida halina safu yake. Je, anayenakili maandishi afanye nini pale yasipokuwapo maandishi?

Vita iliyobebwa kichwani

Vita ilifika Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Kiingereza Astraea ilipoushambulia mnara wa simu za upepo wa Wajerumani. Huku kwetu ilichelewa kwisha. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, nchini Zambia. Ulaya ilikuwa imeshanyamazisha mizinga wiki mbili kabla.

Katikati ya tarehe hizo mbili, majeshi yalifukuzana kutoka Taveta na Tanga hadi Rufiji, Ruvuma na Msumbiji. Reli zilikuwa chache na barabara zilizama kila masika. Farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Kikabaki kichwa cha mwanadamu. Risasi, unga, dawa, mahema, hata chakula cha maafisa, vyote vilibebwa kichwani.

Upande wa Waingereza peke yake, watu wanaokaribia milioni moja waliingizwa katika kazi hiyo, wengi kwa nguvu. Nyasaland, Malawi ya leo, waliitwa tenga-tenga. Kwetu kikosi chao, Carrier Corps, kilitamkwa kama ulimi ulivyoweza, na matamshi hayo yakaganda katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kila siku maelfu ya watu hutaja kikosi hicho wakiita daladala au wakiulizia bei ya nyanya.

Makadirio rasmi ya vifo vya wapagazi ni takriban 95,000, na wapo wanahistoria wanaoamini kuwa walipita 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, uchovu, na unga wa mahindi usioiva vizuri waliolazimika kuula watu waliozoea ndizi au mtama. Walianguka njiani, wakazikwa njiani, au waliachwa hapo hapo.

Kanuni njema iliyoishia mlangoni

Tume iliyopewa kazi ya kuwahifadhi wafu wa vita iliundwa mwaka 1917, ikiongozwa na Fabian Ware. Mwanzoni ilikuwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Kifalme, na tangu 1960 inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa ya ajabu kwa zama zile: jenerali na askari wa kawaida wapewe jiwe la aina moja. Cheo kiishie kaburini.

Juu ya jiwe huchongwa nembo ya kikosi. Hufuata namba, cheo, jina, tarehe ya kufa na mara nyingine umri, kisha alama ya dini. Chini kabisa familia iliruhusiwa kuongeza maneno yake yasiyozidi herufi 66, na nafasi kati ya maneno ikihesabiwa. Bei ilipangwa kuwa peni tatu u nusu kwa herufi. Kwa hiyo anayenakili jiwe la namna hii hunakili sauti mbili, ya jeshi juu na ya mama au mke chini.

Familia za wapagazi hazikuulizwa zina maneno gani.

Kumbukumbu za ofisi zinaeleza sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Sir Horace Byatt, gavana wa Tanganyika, alionelea kuwa makaburi makubwa ya wapagazi, yakiwamo ya Dar es Salaam, yaachwe yarudi msituni haraka iwezekanavyo. Aliyeyaandika mawazo hayo alieleza pia kwamba gavana hakupenda hata kuzitazama hesabu za Waafrika waliokufa. Mwaka 1923 gavana mwenzake wa Gold Coast, Ghana ya leo, Gordon Guggisberg, alitoa hoja kwamba mwenyeji wa kawaida wa huko asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi.

Badala ya majina ikaja sanamu. Ile ya Askari katikati ya Dar es Salaam iliwekwa mwaka 1927, na Nairobi na Mombasa nazo zikapata zao. Maneno yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi aliyempoteza mwanawe wa pekee wa kiume vitani mwaka 1915 na aliyekuwa mshauri wa Tume katika mambo ya maandishi. Yaliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanamwahidi anayekufa akiipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake.

Zunguka sanamu hiyo ukitafuta jina hata moja la aliyeahidiwa. Hulipati.

> Sanamu inaahidi kwamba jina litakumbukwa. Jina lenyewe halimo.

Eti hatukuwa na desturi ya mawe

Hoja ya Guggisberg haikufa naye. Bado utasikia watu, wengine wenzetu, wakisema kuwa mawe ya makaburi ni mambo ya Wazungu.

Anayesema hivyo atoke mjini aende Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Kuna makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo. Akiendelea hadi Kaole, karibu na Bagamoyo, atakuta mengine ya kale zaidi. Watu wa mwambao huu walikuwa wakisimika mashahidi wa mawe ya matumbawe karne nyingi kabla gavana yeyote hajashuka melini.

Ni kweli pia kwamba wapagazi wengi walitoka bara, kwenye jamii ambazo hazikuandika makaburi. Huko jina la babu hupewa mjukuu na kuitwa kila siku uani. Lakini njia hiyo nayo hutaka habari ifike nyumbani. Mtu aliyechukuliwa Nyanza akafia Rufiji bila taarifa hakuacha hata siku ya kuanzia matanga. Jamii ilinyimwa jiwe, na ikanyimwa pia habari ambayo ingetosha kufanya kazi ya jiwe.

Wapo wanaosema kikwazo hakikuwa ubaguzi, kilikuwa ugumu wa kazi: utamwekeaje jiwe mtu usiyejua kaburi lake? Jibu limo ndani ya uzio ule ule wa Barabara ya Bagamoyo. Humo kuna Mnara wa Kumbukumbu wa Waingereza na Wahindi. Unawakumbuka maafisa na askari zaidi ya 1,500 waliokufa Afrika Mashariki kuanzia Januari 1917, majeshi yalipoanza kusonga kuelekea Rufiji, na ambao makaburi yao hayajulikani.

Tena, mwanzoni mwa miaka ya 1970 makaburi mengine yaliletwa hapo kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania ambako matunzo hayakuwa na uhakika. Marehemu ambao mahali pao hasa hapakuweza kubainishwa waliwekewa kumbukumbu maalumu.

Kwa hiyo kukosa kaburi hakukumzuia mtu kuwekewa jiwe. Ilitegemea alikuwa nani.

Pande zinazovutana

Mwezi Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ya uchunguzi kuhusu historia yake. Ilikiri kwamba kati ya wafu 45,000 na 54,000 wa Afrika, Asia na Mashariki ya Kati walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni.

Radhi ikishatolewa, hubaki swali la kitendo, na hapo ndipo watu wanapogawanyika.

Kuna wanaotaka majina yachongwe. Wanaelekeza kidole Cape Town, ambako Januari 2025 ilizinduliwa kumbukumbu ya wafanyakazi Weusi wa Afrika Kusini waliofia vita hiyo. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mti yenye jina lake, na majina yanapita 1,700. Nguzo zenyewe ni za mvule. Msomaji wa Kiswahili anaijua thamani ya ubao huo, maana milango na vitanda vya kurithishana vilitengenezwa kwa mvule.

Kuna wanaosema kuchonga kutangulie kutafuta. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kumbukumbu nyingi za kijeshi za Afrika Mashariki ziliharibiwa. Katika miaka ya karibuni nyaraka zilizohifadhiwa na Jeshi la Ulinzi la Kenya zimetoa majina ya askari zaidi ya 3,000, wakiwamo wa kikosi cha King's African Rifles. Karatasi zilikuwa hai muda wote, zikingoja mfunguaji. Kundi hili linahofu kwamba ukuta ukijengwa mapema, utafutaji nao utafungwa.

Na kuna sauti ya tatu, ya mwananchi anayeuliza kwa nini fedha na ardhi ya mjini viendelee kutumika kwa wafu wa vita ambayo haikuwa yetu, ilhali walio hai hawana pa kujenga. Swali hili halipaswi kubezwa. Wapagazi wenyewe wangeweza kuliuliza, maana hakuna aliyewashauri kabla ya kuwatwika.

Ila mwenye kuliuliza ajue kuwa mji haujaacha kukua. Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya yale ya Ocean Road. Inaeleza namna makaburi yanavyoweza kuondolewa ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma, na inawatambua ndugu wa marehemu. Ni utaratibu wa haki. Lakini ndugu atajitokeza kwa ajili ya nani, ikiwa kaburi halimtaji mtu?

Daftari lina kazi gani hapo

Mwenye daftari anaingia hapo. Hana uwezo wa kujenga ukuta wala kufungua kabati za jeshi, lakini anaweza kufanya kitu ambacho wakati hauwezi kukirudisha nyuma: kunukuu jiwe kabla halijafutika.

Waliozoea kazi hii huanza na ramani kabla ya jina la kwanza. Huchora eneo zima, hupanga safu kwa namba, na kila kaburi hupata namba yake, liwe na maandishi au lisiwe nayo. Namba hiyo hufuatana na picha na nakala. Picha bila mahali ni kama barua bila bahasha.

Kisha huangalia jua. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, au alasiri, mwanga hulala juu ya jiwe na herufi zilizochakaa hutoa kivuli. Saa sita mchana jiwe hilo hilo huonekana tupu. Palipo na kiza cha mti, kioo kinachorudisha mwanga kwa ubavu hutosha.

Jiwe halisuguliwi kwa brashi ya waya, halipakwi chaki wala unga, halimwagiwi tindikali. Maji safi na brashi laini vinatosha, na likiwa limeanza kumeguka huachwa lilivyo. Wengi waliotaka kulisoma jiwe vizuri ndio waliolifuta.

Halafu huandika kilichopo, si kinachodhaniwa. Mistari ikatwe ilipokatwa na mchongaji, na herufi iliyopotea iachiwe nafasi yake. Makosa ya tahajia nayo yabaki, kwa sababu majina ya Kiafrika mara nyingi yalisikiwa na sikio geni na kuandikwa na kalamu geni. Khamis, Hamisi na Hamis wanaweza kuwa mtu mmoja, au watu watatu. Ukilisahihisha jina papo hapo, umeikata kamba pekee inayoliunganisha na karatasi iliyoandikwa na karani yule yule. Maoni yako yana safu yake pembeni.

Mwisho, nakala husomwa tena mbele ya jiwe na mtu wa pili. Ndoa haifungwi kwa shahidi mmoja, na kaburi nalo linastahili wawili: jiwe na daftari. Mmoja akianguka, mwingine yupo.

> Kaburi nalo linastahili mashahidi wawili: jiwe na daftari.

Kwenye makaburi madogo ya mikoani kazi ina upande mwingine. Pale ambapo makaburi yalihamishiwa Dar es Salaam, uwanja wa zamani haukwenda popote. Mahali hapo napo panastahili kuandikwa: palikuwa wapi, wazee wa jirani wanapaitaje, na akina nani wengine wanasimuliwa kuwa walizikwa nje ya uzio. Simulizi iandikwe kama simulizi, na tarehe ya kusimuliwa iandikwe.

Faida yake itaonekana pale daftari litakapokutana na nyaraka. Upande mmoja kuna majina yasiyo na makaburi, upande wa pili makaburi yasiyo na majina. Namba ya kikosi iliyonukuliwa sawasawa, au tarehe ya kufa yenye tarakimu mbili zilizosalia, inaweza kuzikutanisha pande hizo. Si wote watakutana. Lakini aliyeruka kaburi tupu kwa sababu halina cha kusoma amekwisha kulifungia mlango.

Neno la kuandika

Turudi kwenye yale makaburi matano. Mwenye daftari ameshapita safu zote na amenakili mawe yote. Sasa amesimama mbele ya ukuta, na safu ya jina kwa kila aliyelala chini yake inamngoja.

Mazoea yatamwambia aandike "halijulikani". Ni neno la adabu na halimgusi mtu. Linafaa kwa askari aliyelipuliwa na bomu hadi hakuna wa kumtambua, kwa sababu hapo ujuzi wenyewe ulikwisha.

Kwa waliolala hapa neno hilo si kweli. Kila mmoja wao alikuwa na jina siku alipofika kambini, na aliitikia alipoitwa. Aliyemzika alikuwa na mikono, na mbao hazikuadimika. Kilichokosekana ni uamuzi.

Basi mwenye daftari aandike kilichotokea, kwa kitenzi chenye mtendaji hata kama hatajwi: makaburi matano ya pamoja, Waafrika, Wakristo, Waislamu na wasiokuwa Wakristo wala Waislamu, waliletwa kutoka Ocean Road mwaka 1968, makaburi yao ya awali hayakutiwa alama.

Kisha ampe daftari mtu wa pili, asome tena mbele ya ukuta.